Maswali Yenu: Kingamwili za Binadamu Zinavyopetwa Maabara

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja, nasi tumezipanga kwa namna ambayo jibu la barua moja linaisaidia barua inayofuata. Majina ya walioziandika hatuyachapishi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fani ya maabara. Mwalimu wetu alitueleza kwamba dawa za Ebola zinazotumika sasa ni kingamwili za binadamu, kisha akasema kwamba baadhi ya kingamwili za binadamu hupatikana kwa kutumia virusi vya bakteria, bila mtu wala mnyama kuchanjwa. Kengele ikalia kabla hajamaliza. Kingamwili hutengenezwa na mwili. Virusi vya bakteria vinaingiaje hapo? — *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wako yuko sahihi, na swali lako linastahili jibu refu.

Kingamwili ni protini yenye umbo la panda ya manati. Ncha mbili za panda ndizo zinazomshika adui, na mpini wake ndio unaoziita seli nyingine za ulinzi zije kummaliza. Kila ncha imeundwa na vipande viwili vilivyokaa bega kwa bega, kimoja cha mnyororo mzito na kingine cha mnyororo mwepesi, na vipande hivyo ndivyo vinavyoamua kingamwili itashika nini. Mwili hausubiri kumwona adui ndipo uanze kuunda ncha hizo. Huunda kwanza mamilioni ya seli B, yaani seli za damu zinazotengeneza kingamwili, kila moja ikiwa na ncha zake zilizotokea kwa bahati nasibu, kisha seli inayokutana na kitu kinachoshikika huzaliana na ncha zake hunolewa zaidi. Kwa hiyo maelekezo ya kuunda kingamwili dhidi ya ugonjwa ambao hujawahi kuugua huenda tayari yamo ndani ya damu yako, katika seli chache zilizopotelea katikati ya mamilioni. Shida ya miaka mingi ilikuwa ni namna ya kuzipata seli hizo.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge nchini Uingereza, waligundua njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu kutokana na panya aliyechanjwa. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, lakini mwili wa binadamu huitambua protini ya panya kuwa ngeni, na mgonjwa anayeipokea mara kwa mara hujenga kinga dhidi ya dawa yenyewe. Kumwambukiza mtu ugonjwa wa kuua kwa makusudi ili upate za kwake ni jambo lisilowezekana kwa mwenye utu.

Hapo ndipo vinapoingia virusi vya bakteria, ambavyo huitwa faji. Faji inayotumika zaidi, M13, ina umbo la uzi mwembamba ambao urefu wake haufikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndani ya uzi huo zimo jeni zake, na kwenye ncha yake moja zimesimama nakala tano hivi za protini ambayo faji huitumia kujinasia kwenye bakteria. Mwaka 1985 George Smith wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, alipachika kipande cha jeni ngeni ndani ya jeni ya protini hiyo ya nchani, na protini ya kipande kile ikajitokeza nje ya faji. Naomba utulie hapa, kwa sababu mbinu nzima imesimama juu ya jambo hili: kile kinachoonekana nje na maelekezo ya kukiunda yaliyomo ndani vimefungwa pamoja katika kitu kimoja. Ukiikamata faji kwa kile ilichokibeba nchani, umeikamata pamoja na jeni yake, na jeni hiyo unaweza kuisoma, kuizalisha na kuirekebisha.

Mwaka 1990 kundi la Gregory Winter, huko huko Cambridge, lilionyesha kwamba hata ncha ya kingamwili inaweza kubebwa na faji na ikaendelea kushika kama kawaida. Tangu hapo watafiti huchukua damu au uboho wa watu, hunakili maelekezo ya kingamwili kutoka kwenye seli B, huchanganya minyororo mizito na myepesi, na huipachika michanganyiko hiyo ndani ya faji, kila faji na wake. Mkusanyiko huo huitwa maktaba, na maktaba nzuri huwa na aina mabilioni. Inaweza kutokana na watu wazima wa afya ambao hawajawahi kuugua ugonjwa unaotafutiwa dawa, au kutokana na walionusurika, ambao miili yao tayari imeshafanya sehemu kubwa ya kazi.

Sasa tuje mezani. Siku ya kwanza nilipoishuhudia kazi hii nilitarajia mitambo mikubwa. Nilichokiona ni sahani ya plastiki ya ukubwa wa kiganja yenye vishimo 96. Siku iliyotangulia, vishimo vilikuwa vimetiwa protini ya uso wa kirusi, na usiku kucha ndani ya jokofu protini ile ilikuwa imegandamana na plastiki. Asubuhi mtaalamu alikoroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, ndiyo, maziwa haya haya tunayoyajua, akayatia ili yazibe kila mahali palipobaki patupu, faji zisije zikanasa kwenye plastiki yenyewe. Kisha akatia matone ya maji yenye faji za maktaba, akasubiri zaidi ya saa moja, akamwaga. Akaosha kwa maji ya chumvi yenye sabuni kidogo, akaibamiza sahani juu ya karatasi za kufutia, akaosha tena, na tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Faji zisizoshika chochote zilikwenda na maji. Zilizobaki alizibandua kwa asidi hafifu, akazichanganya na bakteria wa *E. coli*, na usiku huo wakazizalisha kwa wingi usiosemeka. Kesho yake akaanza upya, akiosha kwa ukali zaidi.

Anayepeta mchele hatafuti punje moja moja. Hurusha ungo, upepo ukachukua makapi, akarudia mpaka ungoni zimebaki punje nzito. Kupeta huku hurudiwa mara tatu au nne hivi, na kutoka kwenye mabilioni hubaki makumi au mamia ya kingamwili zinazoshika barabara. Kuna pia wanaotumia seli za hamira badala ya faji, mbinu iliyotokea mwaka 1997. Seli ya hamira ni kubwa kiasi cha kupitishwa kwenye mashine inayozichambua moja moja kwa mwanga, hivyo mtaalamu huona kabisa ipi imeshika sana na ipi kidogo.

Lakini usidhani kazi imekwisha. Sahani ile inajibu swali moja tu: nani ameshika? Haiulizi kama kirusi kilichoshikwa kimezuiwa kuingia ndani ya seli. Uso wa kirusi una mahali pengi pa kushikika, na kingamwili inaweza kung'ang'ania ubavuni huku kirusi kikifungua mlango kwa upande mwingine kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana kila iliyopita kwenye ungo hupelekwa kwenye mtihani mwingine. Huchanganywa na virusi hai, mchanganyiko humwagwa juu ya tabaka la seli hai, mara nyingi zile zilizotokana na figo ya tumbili, na baada ya siku kadhaa huhesabiwa matundu ambayo virusi vimeyatoboa katika tabaka hilo. Matundu yakipungua kadiri kingamwili inavyoongezwa, hiyo inazima virusi. Kwa Ebola mtihani huu hufanyika katika maabara zenye ulinzi wa daraja la juu kabisa, ambazo ni chache duniani, kwa hiyo wengi huanza na kirusi kisicho na hatari kilichovishwa protini ya uso wa Ebola.

Inayofaulu huunganishwa na mpini wake ili iwe panda kamili, na huzalishwa ndani ya seli zilizotokana na ovari ya hamsta, ambazo viwanda vimezizoea kwa miaka mingi. Kingamwili ya kwanza ya binadamu kabisa kuidhinishwa kuwa dawa, adalimumab ya ugonjwa wa baridi yabisi, ilipatikana kwa faji na kuruhusiwa Marekani mwaka 2002. Mwaka 2018 Smith na Winter waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia, na nusu nyingine ikaenda kwa Frances Arnold.

SWALI: Bwana Mhariri, mdogo wangu aliugua Ebola hapa kwetu mwaka 2019. Kituoni alitundikiwa dripu moja ya dawa, na Mungu akasaidia akapona. Mpaka leo watu wa mtaani wanamwambia kwamba alifanyiwa majaribio kama panya. Dawa ile ilitoka wapi, na je, wanayoyasema ni kweli? — *Mama wa watoto wanne, Butembo*

JIBU: Mama, pole kwa yaliyoipata familia yenu, na tunafurahi pamoja nanyi kwa kupona kwake. Nitakujibu bila kuzunguka.

Huenda dawa ile ina asili yake hapo hapo Kongo. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, ikawapata watu 315, na wanane katika kila kumi walifariki. Madaktari wa Hospitali Kuu ya Kikwit, wakiwa hawana dawa yoyote, waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wataalamu wengi walisita kulikubali jambo hilo kuwa ushahidi, na sababu yao haikuwa ya dharau: wagonjwa wale hawakulinganishwa na wengine waliokosa damu, na walikuwa wametunzwa vizuri zaidi. Hata hivyo Wakongomani wenyewe, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe, hawakuliacha.

Kwa kutumia maelekezo ya kingamwili ya watu walionusurika Kikwit, watafiti wa Marekani walijenga maktaba ya faji kama nilivyoieleza hapo juu, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba wamepata humo kingamwili inayozima virusi vya Ebola. Waliiita KZ52. Ilifaulu maabara, ikawalinda nguruwe wa Guinea, wanyama wadogo wa jamii ya panya, na matumaini yakawa makubwa. Lakini majaribio ya kima aina ya rhesus, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba haikuwalinda. Ninaisimulia habari hii kwa sababu watu husahaulika kuambiwa yaliyoshindikana, na kushindwa huku kulifundisha mengi: mwaka 2008 umbo la protini ya uso wa Ebola lilionekana kwa mara ya kwanza kwa undani likiwa limeshikwa na KZ52 hiyo hiyo, na wataalamu wakaona kwamba inashika karibu na kitako cha protini, mbali na kiungo ambacho kirusi hukitumia kujinasia ndani ya seli.

Iliyofaulu ilitoka kwa mnusurika wa Kikwit pia. Alitoa damu yake mwaka 2006, miaka 11 baada ya kuugua, na ndani yake bado zilikuwamo seli zenye kumbukumbu ya ugonjwa. Safari hii hazikutumika faji. Seli zenyewe zilikuzwa maabara na kingamwili zake zikapimwa moja moja. Iliyochaguliwa, mAb114, hushika kiungo kile kile ambacho kirusi hukitumia kujinasia ndani ya seli, na haibanduki hata kirusi kinapoingizwa kwenye vifuko vya ndani ya seli vyenye asidi, ambako kingamwili nyingi huachia.

Sasa kuhusu majaribio. Ndiyo, Mama, ulikuwa utafiti, na jina lake lilikuwa la Kiswahili chetu: *Pamoja Tulinde Maisha*. Ulianza Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mgonjwa, au ndugu yake ikiwa yeye hakuweza, aliombwa ridhaa, na dawa moja kati ya nne ilichaguliwa kwa bahati nasibu. Hakuna aliyepewa maji matupu badala ya dawa, na wote walipata matunzo yale yale ya maji ya mishipani, chakula na dawa za maradhi mengine. Mtaani wanapomfananisha na panya wanamkosea, kwa sababu panya haombwi ridhaa, na dawa zile hazikuletwa Butembo kabla ya kupimwa usalama wake. Kwa upande mwingine, asingekuwepo aliyekubali, tusingejua hadi leo ipi inaponya.

Agosti 2019 waliokuwa wakiusimamia utafiti walisimamisha dawa mbili kwa sababu tofauti ilishakuwa wazi. Kati ya waliopewa ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu uliokuwa ukitegemewa kabla ya hapo, walifariki karibu asilimia 50 katika siku 28, na kati ya waliopewa remdesivir, dawa ya virusi isiyo kingamwili, asilimia 53. Kwa mAb114 walifariki asilimia 35, na kwa REGN-EB3, ambayo ni kingamwili tatu zilizopatikana kwa panya waliopandikizwa jeni za kinga za binadamu, asilimia 34 hivi. Waliowahi kufika kituoni virusi vikiwa bado vichache mwilini walipona wapatao tisa katika kila kumi walipopewa mojawapo ya hizi mbili. Kila siku moja ya kuchelewa nyumbani iliongeza hatari. Mdogo wako ana haki ya kulitaja hili popote anaposemwa: huenda yeye ni mmoja wa watu 681 ambao, kwa kukubali kwao, dawa hizi mbili ziliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2020 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022. Kama aliingia kituoni baada ya Agosti 2019, hakuhesabiwa katika hao 681, lakini alipata mojawapo ya zile mbili bora.

SWALI: Mhariri, ikiwa dawa hizo zilikuwepo tangu 2020, kwa nini Ebola ilipotokea Uganda mwaka 2022 tuliambiwa hakuna dawa? Na ikiwa kupeta huko huchukua siku chache tu, mbona hatuna kingamwili ya UKIMWI? — *Mwalimu wa sekondari, Kampala*

JIBU: Mwalimu, Ebola iliyotokea Uganda Septemba 2022, ambayo iliwapata watu 142 waliothibitishwa na kuua 55 kati yao, ni ya kirusi cha Sudan. Zile dawa mbili ni za kirusi cha Zaire. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini protini za uso wao zimetofautiana kiasi kwamba ncha iliyonolewa kwa mmoja humteleza mwingine. Usahihi unaoifanya kingamwili iwe dawa salama ndio huo huo unaoifanya ishindwe kumtambua jirani wa adui wake.

Kwa UKIMWI hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kirusi chake hubadilika ndani ya mgonjwa yule yule, wiki hadi wiki. Maktaba ya faji iliyotokana na Mmarekani mmoja aliyekuwa na virusi hivyo ilitoa kingamwili mashuhuri iitwayo b12, iliyoelezwa mwaka 1994, nayo ikathibitisha kwamba mwili wa binadamu unaweza kuunda kitu cha kuzima aina nyingi tofauti za kirusi hicho. Lakini huzima chini ya nusu ya zinazozunguka duniani. Baadaye zilipatikana zenye uwezo mpana zaidi kwa njia nyingine, na mojawapo, VRC01, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 4,600, wakiwemo wanawake wa Kenya na Tanzania waliotundikiwa dripu kila baada ya wiki 8. Majibu yaliyotoka mwaka 2021 yalisema kwamba kwa ujumla haikupunguza maambukizi, ila dhidi ya aina za kirusi zilizokuwa dhaifu kwake kinga ilifikia asilimia 75 hivi. Wanaoendelea na kazi hii sasa wanachanganya mbili au tatu zinazoshika sehemu tofauti, ili kirusi kinachomponyoka mmoja kikamatwe na mwenzake.

Umegusa pia suala la haraka, na hapo naomba nikurekebishe kwa heshima. Kupeta huchukua wiki chache. Kinachochukua miaka ni kuthibitisha kwamba kilichopetwa kinazima, kwamba hakiwadhuru watu, na kwamba kinaweza kuzalishwa kwa kilo na si kwa matone. Tena kirusi nacho hakingoji: kingamwili za UVIKO-19 zilizoidhinishwa kwa kasi kuanzia mwaka 2020 zilitelezwa na Omicron moja baada ya nyingine, hata kufikia mwanzoni mwa 2023 Marekani ilikuwa imezisimamisha zote zilizolenga kirusi chenyewe. Hapa mbinu ya faji na hamira ina faida ambayo damu ya mnusurika peke yake haina. Jeni ikiwa mkononi, unaweza kubadilisha herufi zake chache, ukapata maktaba mpya ya maelfu ya ncha zinazofanana na ile ya mwanzo, na ukazipeta upya dhidi ya kirusi kilichobadilika.

SWALI: Mimi nina swali dogo. Je, hizo faji hubaki ndani ya dawa, na zinaweza kutuambukiza? — *Msomaji, Muscat*

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Faji humaliza kazi yake kwenye hatua ya kutafuta. Kingamwili ikishachaguliwa, inayochukuliwa ni jeni yake peke yake, na dawa huzalishwa ndani ya seli nyingine kabisa na kusafishwa kabla ya kutiwa kwenye chupa. Na hata faji yenyewe, M13, hunasa tu kwenye vinyweleo vya aina fulani za bakteria. Seli ya binadamu haina vinyweleo hivyo, kwa hiyo haina pa kuingilia.